Gitaa la besi halikai kwenye tyuni, tyuna zinacheza na uzi unateleza

besi_nzito: Wakuu naombeni msaada. Besi yangu ya nyuzi 4 natyuni vizuri kabisa E A D G, nikipiga wimbo mmoja tu E ishashuka na A inafuata nyuma. Tyuna ya E (kile kifaa cha kichwani cha kukazia uzi) nikiishika inacheza, naizungusha kidogo kabla uzi haujaanza kuvutika. Nyuzi ni mpya. Ninunue tyuna mpya zote au hizi zinakazika?

fundi_wa_nyuzi: Usinunue kwanza mkuu. Tyuna kucheza na uzi kuteleza ni vitu viwili tofauti. Mle ndani kishikio kinazungusha msumari wenye nyuzi kama za skrubu, huo ndo unasukuma gia yenye meno, na ukiwa mzima uzi hauwezi kuirudisha gia nyuma hata ukivutwa vipi, ni wewe tu na kishikio. Sasa kukaza: kama gia zinaonekana nje, pale katikati ya gia kuna skrubu ndogo, legeza uzi kwanza halafu ikaze kwa bisibisi taratibu maana ukilazimisha inakatika. Kaza na skrubu zinazoshika tyuna kwenye mbao, na kama upande wa mbele kuna nati kaza kwa spana. Ule mchezo mdogo utakaobaki dawa yake ni kutyuni ukipanda, yaani shuka chini ya noti halafu panda uifikie.

mama_besi: Na kama skrubu inazunguka tu bila kushika, tundu limeshalika. Itoe, jaza vijiti vya meno na gundi ya mbao, kata vilingane, acha ikauke usiku mzima ndo urudishe skrubu.

low_e: Mi nadhani tatizo lako kubwa ni namna uzi ulivyofungwa. Uvute upite nguzo yake (kile kijiti cha tyuna uzi unapozungushiwa) kama sentimita 10 hadi 12, ukunje pembe kali pale pa kukata NDO ukate, ukikata kabla hujakunja waya wa nje unaweza kuachia na uzi unakufa sauti. Ncha ichomeke mpaka chini kwenye tundu la katikati ya nguzo halafu zungusha mara 2 au 3 kushuka chini, mizunguko isipandiane. Ukishatyuni uvute uzi kwa mkono taratibu, utyuni tena, rudia mpaka usishuke.

besi_nzito: Asanteni sana. Nimefungua E, imezunguka mara moja tu na ncha haijaingia tunduni, na imeshakatwa fupi. Naweza kuirudishia hivyohivyo?

low_e: Ichomeke ncha vizuri ujaribu, ila kwa mzunguko mmoja sidhani kama itashika, badilisha huo uzi mmoja. A ifungue uifunge upya.

fundi_wa_nyuzi: Ukiwa umezitoa, paka unga wa penseli kwenye mifereji ya nati ya shingoni, sio ile ya spana, ni kile kipande nyuzi zinapopita kabla ya kufika kwenye tyuna. Ukisikia "ting" wakati wa kutyuni ujue uzi unakwama pale.