Mjadala: Kanisa likipokea bahasha ya mheshimiwa, bado ni chumvi ya dunia?

Mpwani (mwanzisha mada)

Bwana asifiwe wapendwa. Salamu pia kwa msio wa kanisani, maana jambo hili linawagusa nanyi.

Novemba 2024 Rais Ruto alihudhuria misa katika kanisa Katoliki la Soweto, Nairobi. Akaacha shilingi milioni 2.6 za kwaya, baraza la parokia na nyumba ya padri, na ahadi ya basi juu yake. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo akatangaza kwamba fedha hizo zinarudishwa. Miezi minne haijatimia, Machi 2025, kanisa la Jesus Winner Ministry la Roysambu likapewa ahadi ya milioni 20 za ujenzi, nalo likashukuru. Jumapili iliyofuata vijana waliandamana hadi karibu na kanisa na polisi wakawatupia vitoa machozi. Nchi ni moja na Biblia ni moja, ila majibu ni mawili.

Mimi niko upande wa Anyolo. Hoja yangu ni Mathayo 5:13: "Ninyi ni chumvi ya dunia, lakini chumvi ikiwa imeharibika itatiwa nini hata ikolee? Haifai tena kabisa, ila kutupwa nje na kukanyagwa na watu." Mstari huu tumezoea kuufundisha kama somo la adabu: usiibe, usiseme uongo, uwe mfano mwema kazini. Sipingi. Lakini someni mistari mitatu iliyotangulia. Yesu alikuwa anazungumza na watu watakaoudhiwa na kushutumiwa kwa ajili ya haki, na hao hao ndio aliowaita chumvi. Sasa niambieni, anayeudhiwa na anayeletewa basi jipya ni mtu mmoja?

Karibuni, ila tusitukanane.

Kijana wa Thika Road

Mimi swali langu ni hesabu tu. Mshahara wa rais unajulikana. Hizo milioni zinatoka mfuko gani? Na ni yeye mwenyewe, Julai 2024 baada ya maandamano ya Gen Z, aliyetangaza kwamba maofisa wa serikali waache harambee. Mchungaji anayepokea bila kuuliza hayo asituhubirie uaminifu.

Mweka Hazina

Mpwani ndugu yangu, ni rahisi sana kujadili chumvi ukiwa umeketi chini ya paa.

Mimi natunza vitabu vya kanisa dogo, silitaji. Kuta zetu zilifika kwenye linta zikasimama hapo miaka. Masika yakiingia, akina mama wenye watoto wachanga wanasogea kona moja iliyofunikwa turubai, na sisi wengine tunaimba tumeshika viti vya plastiki vichwani. Sadaka ya Jumapili naijua vizuri maana naihesabu mimi: sarafu za ishirini, za kumi, noti za hamsini zilizokunjwa mpaka zimekuwa kama tembe ya dawa. Ukitoa posho ya mhubiri na stima, hununui hata misumari.

Basi akaja mheshimiwa. Ndiyo, kwaya ilikatishwa katikati ya ubeti. Ndiyo, msaidizi wake alitoa bahasha za khaki moja moja, na MC akaita: akina mama, ya kwenu hii, vijana, ya kwenu hii, kwaya, msilie, yenu ipo. Ndiyo, aliongea dakika arobaini na neno la Mungu likabaki na kumi. Sikupenda. Lakini mabati yalikuja, na watoto hawanyeshewi tena. Mngenishauri nini? Niwarudishe kwenye turubai ili tabia yetu ya Kikristo iwe safi?

Mwanakemia

Samahani kwa kuingilia. Chumvi haiharibiki. Iweke kabatini miaka mia, ni chumvi ile ile. Mfano wenyewe una walakini, mnajenga hoja juu ya kitu kisichowezekana.

Mzee wa Busia

Wanangu, wengine hamkuwa mmezaliwa. Agosti 1990 Askofu Alexander Muge wa Kianglikana, dayosisi ya Eldoret, alionywa hadharani na waziri Peter Okondo kwamba akikanyaga Busia huenda asitoke hai. Muge akaja. Alihubiri Busia tarehe 14, na akiwa njiani kurudi gari lake likagongana na lori, akafa. Okondo akajiuzulu. Mimi sihukumu ilikuwaje, wenye ushahidi wapo. Ninachosema ni kwamba siku zile tulijua askofu wetu anasimama wapi. Maaskofu Gitari na Okullu, na mchungaji Njoya, hao walipinga uchaguzi wa mlolongo wa 1988, ule wa wapiga kura kupanga foleni hadharani, wakati wengi walikuwa wanapiga makofi.

Halafu ukaja uchaguzi wa 2007. Kila kanisa likawa na mgombea wake, na mgombea wa kanisa akawa ni yule wa kabila la washirika wake. Damu ilipomwagika, tulipotafuta mtu wa kusimama katikati, wachungaji hawakuwa na uso wa kusimama. Februari 2008 Baraza la Makanisa, NCCK, likakiri mbele ya taifa kwamba viongozi wa makanisa waliegemea upande. Kati ya kifo cha Muge na ungamo hilo haikutimia hata miaka kumi na minane. Kwa hiyo mwanakemia mwanangu, chumvi huharibika. Nimeiona ikiharibika.

Mama Ng'onda

Mpwani mwanangu, na wewe Mweka Hazina, nisikilizeni mimi ninayeshika chumvi kwa mikono. Samaki wa kukausha unampasua, unamkandika chumvi mpaka ndani ya matamvua, kwa sababu chumvi iliyobaki guniani haijawahi kumwokoa samaki. Kwa hiyo sikubaliani na wanaotaka wanasiasa wafukuzwe kanisani. Waje! Hao ndio wa kukandikwa hasa. Lakini pia hatumpaki chumvi samaki aliyekwisha kunuka. Makanisa mengi yanangoja kashfa itoke magazetini ndipo yatoe tamko. Umechelewa mchungaji, huyo ni wa kutupa.

Kwa hiyo kwangu shida si mheshimiwa kukaa kwenye benchi. Shida ni kipaza sauti. Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kianglikana aliliweka vizuri Septemba 2021 kule Butere, siku ya kumweka wakfu Askofu Rose Okeno: wanasiasa wanakaribishwa kuabudu kama watu wengine, mimbari ni ya wahudumu. Na wakubwa walikuwa wamekaa hapo hapo wakimsikia.

Jirani wa Moshi

Nawasoma kutoka upande huu wa mpaka na nacheka kidogo. Huku Tanzania kanisa likisema haliletewi bahasha, linaletewa barua. Pasaka ya 2018 maaskofu wa kanisa la Kilutheri, KKKT, walitoa waraka kuhusu hali ya nchi. Baadaye ikatokea barua ya ofisi ya msajili wa vyama vya kijamii ikitaka waraka ufutwe, waziri akaikana, msajili akasimamishwa. Juni 2025 kanisa la Askofu Gwajima likafutiwa usajili baada ya yeye kukemea utekaji wa watu. Na kumbukeni alikuwa mbunge wa chama tawala. Alikuwa ndani ya chungu kabisa, Mama Ng'onda, na alipoanza kukolea wakamtoa.

Mniruhusu niulize: kwani ninyi mnadhani bahasha na barua vinatafuta vitu tofauti?

Mpwani

Ahsanteni. Jirani, umeniharibia usingizi.

Mwanakemia, una haki kuhusu chumvi ya dukani. Ila chumvi ya kando ya Bahari ya Chumvi haikuwa safi. Ilichanganyika na jasi na madini mengine. Ikipata unyevu, chumvi yenyewe inayeyuka na kwenda zake, na kinachobaki ni unga mweupe. Ukiutazama utadhani ni chumvi, mpaka uonje. Mimi naona hilo ndilo la kutisha: kanisa lililopoteza ladha halibadiliki sura. Kwaya ipo, joho lipo, sadaka inapitishwa.

Mama, nakubali kuhusu kipaza sauti. Lakini naomba tusome Ezra 4. Wayahudi wamerudi uhamishoni, wanajenga Yerusalemu. Maofisa wa mfalme, Rehumu na karani Shimshai, wanamwandikia mfalme Artashasta barua ya kuwashtaki. Sababu wanayoitoa, mstari wa 14, ni kwamba wao wanakula chumvi ya nyumba ya mfalme, hivyo haifai wamwone akivunjiwa heshima. Hakuna aliyewatuma. Hakuna masharti yaliyoandikwa. Wamekula tu, na ulimi ukajua wenyewe pa kuelekea. Na ujenzi ukasimamishwa kwa nguvu. Ndiyo maana sikubali hoja ya "tumepokea lakini hatujafungwa midomo".

Mweka Hazina, kwako sina jibu jepesi na sitajifanya ninalo. Mabati yale siwezi kukwambia uyang'oe. Ila nitauliza: tangu yaezekwe, mhubiri wenu amewahi kutaja barabara, dawa za zahanati, au basari zilizopotea?

Mweka Hazina

Hajataja.

Na nikwambie jambo lingine. Mwaka huu kamati iliamua anayetaka kuchangia atume kwa paybill ya kanisa, ile namba ya malipo ya simu, kama mshirika mwingine yeyote, jina lisisomwe, hotuba isiwepo. Katibu akampigia msaidizi wa mheshimiwa kumweleza utaratibu mpya, kwa heshima kabisa. Akasema atampelekea ujumbe bosi.

Kijana wa Thika Road

Ikaingia ngapi?

Mweka Hazina

Kwa sasa ni zile za ishirini ishirini. Sakafu bado ni udongo.