Naomba ushauri: mtoto wangu anaumwa na tumeitwa hospitalini siku ya Sabato

BabaRefaeli (mwanzisha uzi)
Wanajukwaa, nawasalimu kwa heshima. Mimi ni Myahudi wa jamii ya Abayudaya, ninaishi karibu na Mbale, mashariki mwa Uganda. Mwanangu wa miaka mitano anaumwa saratani ya taya, ambayo madaktari wanaiita limfoma ya Burkitt. Leo Alhamisi muuguzi wa wodi amenipigia simu kutoka Kampala akisema tumpeleke mara moja, na kwa jinsi nauli ninavyoitafuta tutakuwa njiani siku ya Sabato, siku ambayo sisi hatusafiri. Wiki ijayo ni Pasaka yetu, na mtoto ameingoja kwa hamu kwa kuwa yeye ndiye mdogo anayeuliza maswali manne mezani. Je, yupo aliyewahi kuahirisha miadi ya namna hii kwa wiki moja au mbili bila madhara?

MamaNeema_Kisumu
Pole sana, baba. Binti yangu aliugua saratani ya jicho, na jambo lililonitesa kuliko yote lilikuwa chakula. Dawa zilimfanya atapike kila kitu isipokuwa uji mwepesi wa wimbi, nao aliunywa ikiwa tu dada yake amekaa karibu naye. Nakushauri umpeleke pamoja na ndugu yake mmoja ikiwezekana. Hadi leo binti yangu hakumbuki sindano hata moja, lakini anakumbuka nani alikuwa kando ya kitanda.

DerevaMstaafu
Kwa ninavyoyafahamu mabasi yetu, ambayo hayaondoki mpaka yajae, ukiingia stendi Ijumaa mchana unaweza kuanza safari Jumapili na Sabato yako ikabaki salama.

MjumbeWaNeno
Ndugu, Yesu mwenyewe aliponya siku ya Sabato. Mlete mtoto katika mkutano wetu wa maombi, uachane na sheria zinazokufunga.

Myahudi_Nairobi
Mjumbe, tafadhali usimtumie mtoto mgonjwa kumvuta baba yake katika dini nyingine. BabaRefaeli, sheria yetu wenyewe imekwisha kukujibu. Hatari ya maisha huiondoa Sabato, na kusafiri katika hali hiyo si ruhusa tu, bali ni wajibu. Imeandikwa katika Shulhan Arukh, kitabu cha sheria zetu, kwamba anayefanya haraka kuokoa husifiwa, na anayesimama kuuliza ni kama anayemwaga damu. Nakuandikia kwa upendo, kwa sababu nadhani rabi wako angekwambia hayo hayo, nami ninashangaa kwamba umetuuliza sisi kabla yake.

BiZuhura_Tanga
Nasi Mtume (s.a.w.) ametufundisha kutafuta dawa. Mwenyezi Mungu amponye.

Muuguzi_Eldoret
Nimefanya kazi katika wodi ya watoto wenye saratani, na kuna jambo silielewi. Wodi haimpigii simu mzazi Alhamisi na kumwambia aje mara moja ikiwa miadi yake iko palepale. Baba, mtoto alipata dawa lini kwa mara ya mwisho?

BabaRefaeli
Nitajibu. Alipata mzunguko wa kwanza, na uvimbe uliokuwa umeziba nusu ya uso ukanywea ndani ya siku chache. Wiki hiyohiyo wazee walimwongezea jina la Refaeli, yaani Mungu huponya, katika sinagogi na kumwombea kwa jina la mama yake, kama ilivyo desturi yetu. Tulirudi nyumbani. Mzunguko wa pili hatukwenda, wala wa tatu. Sikufanya hivyo kwa ujinga. Nilikuwa nimeuza pikipiki iliyotulisha, na bado nina watoto wengine wanaokula. Madaktari walitaka kumchoma sindano ya uti wa mgongo, na mama yake alikuwa amemwona mtoto wa jirani akilia kwa maumivu ya sindano hiyo. Bibi yake anasema kumrudisha kule ni kumwambia Mungu kwamba hatukuona alichotenda. Ninyi mngeuona uso ule ukirudi kuwa uso wa mwanenu, mngefanya nini?

Muuguzi_Eldoret
Ningeshukuru kama ulivyoshukuru, kisha ningerudi. Sikulaumu kwa kuuza pikipiki wala kwa kumhurumia mkeo. Lakini dawa ile ya kwanza ndivyo inavyofanya kazi: Burkitt hukua upesi kuliko saratani nyingine zote zinazojulikana, na kwa sababu hiyohiyo huyeyuka upesi inapopigwa. Tangu Denis Burkitt alipoueleza ugonjwa huu mwaka 1958 kutokana na watoto aliowaona katika hospitali ya Mulago, Kampala, madaktari wameona wengi wakipona kabisa, na wameona pia wengine ambao uvimbe ulitoweka, wakapelekwa nyumbani, kisha ukarudi. Seli zilizobaki hazionekani kwa macho, na sindano ya uti wa mgongo ipo kwa sababu ugonjwa huu hupenda kuingia kwenye ubongo. Sasa niambie ukweli: shavu likoje leo?

Mchunguzi255
Samahani, mimi siamini. Wayahudi na Uganda ni habari ya mwaka 1903, Waingereza walipotaka kuwapa Wazayuni ardhi, nao wakaikataa. Tena Mganda gani anaandika Kiswahili cha namna hii? Subirini, kesho italetwa namba ya kutuma michango.

DerevaMstaafu
Hata mimi nimeanza kutia shaka. Weka picha ya kadi ya kliniki.

Mwalimu_Mbale
Mchunguzi, unachanganya mambo mawili. Ardhi ile ya 1903 iko Uasin Gishu, ambayo leo ni Kenya. Abayudaya ni wenyeji wa hapa kwetu, waliomfuata Semei Kakungulu, kiongozi wa Kiganda, alipoishika dini ya Kiyahudi mwaka 1919. Idi Amin aliwapiga marufuku, wakasali kwa siri, na alipoangushwa mwezi Aprili 1979 Pasaka yao ilikuwa inaanza. Nafundisha watoto wao. Picha ya kadi ya mtoto mgonjwa haihitajiki hapa.

BabaRefaeli
Sijaomba shilingi na sitaomba. Kiswahili nilikipata Kitale, nilikokulia kwa mjomba. Muuguzi, shavu limejaa kidogo tangu jana, na asubuhi aliniambia anaona sahani mbili mahali penye moja. Mama yake anasema ni jino.

Muuguzi_Eldoret
Si jino. Kuona vitu viwili kunaweza kuwa dalili kwamba neva za macho zimeguswa. Usingoje Jumapili, wala Pasaka. Ipigie wodi sasa, uwaeleze kuhusu macho, na uwaambie bila kuficha kwamba mizunguko miwili imepita, ili dawa zipangwe upya. Usiogope kugombezwa. Waulize pia kuhusu ofisi ya ustawi wa jamii, kwa ajili ya nauli na malazi ya mama.

Myahudi_Nairobi
Mwambie bibi kwamba jina la Refaeli hataliacha nyumbani, anakwenda nalo. Na maswali manne anaweza kuyauliza akiwa kitandani. Je, mkate usiotiwa chachu mnao, au tuwatumie?

BabaRefaeli
Tunao. Rabi amefika sasa hivi na anazungumza na mke wangu, na jirani mwenye gari amekubali kutuondoa usiku huu. Muuguzi, faili lilibaki hospitalini. Kadi ya kliniki peke yake inatosha?

Muuguzi_Eldoret
Inatosha. Ondokeni.