Kifaa cha kulinganisha rangi za kuchorea: sensa, pampu au mizani? (Niko Arusha)

brashi_ya_meru
Wadau habari za jioni. Mi ni mchoraji niko Sakina, nataka kutengeneza kifaa cha kunisaidia kuchanganya rangi maana kila nikipata oda ya kurudia picha rangi inagoma kurudi ilivyokuwa. Juzi mteja kaagiza picha nne za Wamasai zikae ukuta mmoja, ya kwanza shuka jekundu limeiva kabisa, ya tatu shuka limekimbilia kwenye chungwa, nimezipanga sebuleni nikakosa usingizi. Nina njia tatu kichwani. A) sensa ndogo ya kusoma rangi inaunganishwa na simu, naigusisha kwenye picha inaniambia changanya hiki na hiki. B) mashine ya pampu ndogo tano inadondosha rangi yenyewe. C) mizani ya gramu na daftari. Kuna kijana wa ufundi atanisaidia waya na programu, anataka jibu Jumamosi aagize vitu. Mngechukua ipi?

fundi_waya
Bajeti? Na rangi gani? Ukisema rangi tu mkuu hatuwezi kukusaidia.

brashi_ya_meru
Laki tatu ikizidi sana. Rangi ya mafuta.

mama_paleti
Mafuta ipi mdogo wangu? Ya kopo ya hadiwea wanayopakia mageti au ya tyubu? Na unachanganyia wapi, mchana au usiku, taa gani? Sema kwanza hayo.

tingatinga_damu
Ya kopo ina ubaya gani? Edward Said Tingatinga alianza 1968 pale Dar na rangi za kupakia baiskeli kwenye hadibodi, alifariki 1972 na mpaka leo watu wanakula kupitia mkono wake. Tusidharau rangi ya kopo.

mama_paleti
Hakuna aliyedharau kaka, nimeuliza ipi. Ya kopo inang'aa kama kioo na mng'ao ndo unaodanganya sensa.

brashi_ya_meru
Ni ya kopo. Mchana niko sokoni nauza, nachora kuanzia saa moja usiku, taa ni balbu ya njano.

mama_paleti
Basi nikusimulie yaliyonipata hapa Moshi. Nilichora Kilimanjaro ya jioni, ule muda theluji inashika waridi na anga nyuma inaingia zambarau, picha kubwa ya akriliki (rangi ya kuchanganya na maji), mteja kalipa vizuri. Wakati wa kusafirisha ikakwaruzwa angani, sehemu kama kiganja cha mtoto, ikarudishwa kwangu na inatakiwa kesho yake asubuhi. Nikakaa nayo usiku kucha chini ya balbu. Ile bluu ya mwanzo ilikuwa imeisha nikatumia bluu nyingine na nyekundu kidogo, nikaongeza nyeupe kwa ncha ya kisu, naweka tone napuliza likauke naangalia, maana akriliki mbichi ina weupe wa gundi, ikikauka inazama inakuwa nzito zaidi. Saa tisa usiku nikapata, wallahi ungeleta macho ya nani asingeona kiraka. Asubuhi natoa picha barazani, jua limepiga, kile kiraka kiko kijivu kinaniangalia. Anga lote zambarau, pale kijivu. Mteja hakusema kitu, aliangalia tu pale pale, na hajawahi kurudi. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba rangi mbili za viungo tofauti zinaweza kufanana chini ya taa moja zikaachana juani. Kwahiyo kabla ya kifaa chochote badilisha hiyo balbu.

fundi_waya
Mama kagusa penyewe. Naongeza kwenye A. Sensa kama TCS34725 inasoma nyekundu, kijani, bluu na mwanga wa jumla, AS7341 inaugawa mwanga unaoonekana mara nane kwahiyo ingekuonyesha hata tofauti aliyoisema mama, ile ya kwanza inaweza isione. Lakini zote zinakupa namba za mwanga, hazikupi mapishi! Mwanga wa njano ukikutana na wa bluu unaelekea weupe, rangi ya njano ukikoroga na bluu unapata kijani, sa programu yako lazima ijue hilo. Hesabu ya kukisia rangi zikichanganywa zitatokaje, ya Kubelka na Munk, ipo tangu 1931, kila rangi unaipimia inanyonya mwanga kiasi gani na inatawanya kiasi gani, maana yake upake kadi za kila kopo ikiwa peke yake na ikiwa na nyeupe kwa viwango, usome zote. Halafu tengeneza kijumba cheusi mwanga wa nje usiingie, taa ipige kwa nyuzi 45, sensa itazame wima, hapo mng'ao utaukwepa.

kibo_jioni
B sahau. Rangi inakauka kwenye mipira, utakuwa unasafisha kwa thina kila siku.

rangi3
Mi naona mnazunguka, rangi za msingi ni nyekundu njano bluu, ukiwa na hizo na nyeupe unapata yote.

kibo_jioni
Yote hapana. Jaribu kupata waridi kali kwa nyekundu ya kopo na nyeupe, itatoka kama chokaa ya udongo. Ndo maana wachapaji wanatumia majenta (waridi iliyokolea) na sayani (bluu inayoelekea kijani).

rangi3
Mchoraji sio printa ndugu. Tumefundishwa hivo na picha zinauzwa.

tingatinga_damu
Damu ya mzee mnaipataje na hizo majenta? Mi naweka nyekundu na tone la kijani basi.

fundi_waya
@brashi_ya_meru hebu jibu, shuka la kwanza na la tatu zilikuwa kopo moja? Ulikoroga mpaka chini?

brashi_ya_meru
Kopo moja, sikuchanganya na kitu. Kukoroga nilikoroga juu juu kwa brashi. Alafu ile ya tatu kanvasi ilikuwa ya krimu, sikuipaka nyeupe kwanza, hadibodi ziliisha.

mama_paleti
Mdogo wangu! Hilo ungelisema tangu mwanzo. Unga wa rangi unakaa chini ya kopo, juu unabaki na mafuta, ukiipaka nyepesi vile ile krimu inachungulia kwa chini. Hapo sensa ingekusomea chungwa na ingekuwa imesema kweli.

brashi_ya_meru
Kwahiyo niende C?

fundi_waya
Mi bado ningejenga A, kijana ajifunze na wewe upate kumbukumbu za kila oda. Ila kadi nilizosema na mizani ya C utavihitaji vilevile.

kibo_jioni
Mizani chukua inayosoma 0.01, ya gramu nzima haitakusaidia kwenye tone la bluu.

rangi3
Na gari je? Nina mlango wa kijivu fundi kaupaka hauendani na bodi, juani unaonekana kabisa. Hiyo sensa ingesoma?

fundi_waya
Kijivu cha kawaida au chenye chenga za silva?