Naomba ushauri: mbwa wangu anaumwa, na daktari simmudu

Habari za jioni wadau. Niko Free Area hapa Nakuru, nina mbwa jike wa miaka minne anayeitwa Simba (jina walimpa watoto kabla hatujamkagua vizuri). Tangu Jumapili hagusi chakula. Nimemfunua mdomo, fizi ni nyeupe pepepe, na nyuma ya masikio nimemtoa kupe kumi na mmoja, wengine wamevimba kama maharagwe.

Nilianzia kwa agroveti. Niliuziwa sindano ya shilingi 800, nikaambiwa ni homa ya kupe, mbwa mwenyewe hakuna aliyemtazama. Akachangamka siku moja, kisha akalala tena. Daktari wa mifugo niliyempigia anataka 2,500 ya kufika nyumbani tu, kipimo cha damu na dawa ni kando. Mimi ni fundi cherehani, na karo ya muhula huu bado sijamaliza. Chakula cha mbwa cha dukani tuliacha zamani, siku hizi anakula ugali na omena.

Naomba kujua mawili. Kuna aliyewahi kupeleka mbwa kwa madaktari wa mifugo wa Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro? Wanapokea watu wa kawaida, na bei ikoje? Pili, nikipata pesa ya kitu kimoja tu, nilipie kipimo au nianze dawa moja kwa moja?

Tafadhali, wa kuniambia “nunua mwingine” apite tu.