Supamaketi ya zamani Moshi mjini: ning'oe vyote au niache?

Mangi_Kiboriloni
Wakuu, habari zenu. Nimechukua fremu kubwa hapa Moshi, karibu na soko la kati. Miaka mingi ilikuwa supamaketi. Sakafu ni terazo, ile ya saruji na vipande vya mawe iliyosuguliwa, shelfu za bati zinakaribia kugusa dari, na njia ni nyembamba: wawili wenye vikapu wakikutana, mmoja arudi kinyumenyume. Friji za maziwa ziko mwisho kabisa. Mlangoni kuna kijumba cha mbao cha kuachia mizigo. Fundi anataka tung'oe vyote, tupige taili nyeupe na dari ya jipsamu. Naombeni ushauri, hela yenyewe ya mkopo.

Dogo_Njiro
Ng'oa mkuu. Terazo ni ya hospitali. Friji leta mbele, watu waone soda za baridi.

MamaShelfu
Mangi, usishike nyundo kwanza. Mimi nimepanga bidhaa supamaketi za hapa Arusha tangu nabeba katoni ya mafuta peke yangu, na supamaketi ya Shoprite pale jengo la TFA imegeuka Nakumatt mwaka 2014 nikiona.

Kuweka maziwa mwisho si ujinga. Mwaka 1916 Clarence Saunders alifungua duka la Piggly Wiggly kule Memphis, Marekani, mteja akaanza kujichukulia mwenyewe badala ya kuagiza kaunta. Ukishaingia ni njia moja tu, unapitishwa mbele ya kila bidhaa mpaka kwa keshia. Mwaka uliofuata akapewa hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya mpangilio huo. Maziwa ya mwisho yana akili ileile: aliyefuata maziwa apite kwenye biskuti. Halafu friji inapakiwa kutokea stoo, na stoo iko nyuma. Ukiileta mbele, jua la mchana likipiga kioo, umeme wa Luku utaisha unauangalia. Soda za huyo kijana wekea kafriji kamoja karibu na keshia, yatosha.

Shelfu ndizo za kushughulikia. Zile ndefu zilikuwa stoo ya pili, katoni juu, bidhaa chini. Za ukutani ziache. Za katikati zikate zifike kifuani, keshia aone mpaka kwenye friji. Ukipata nafasi, punguza mstari mmoja, toroli mbili zipishane.

Kisha tazama tyubu laiti. Maduka mengi ya zamani taa imekaa juu ya shelfu badala ya juu ya njia, kwa hiyo shelfu ya chini kabisa ni kivuli. Inama na tochi uone: huko ndiko utakuta biskuti zimepitwa na tarehe na pakiti ya sembe iliyotobolewa na panya. Kuhamisha taa ni bei ndogo kuliko jipsamu.

Terazo inasuguliwa kwa mashine na maji, inarudi kung'aa. Taili nyeupe na tope la masika? Utaajiri mtu wa kudeki tu.

Mangi_Kiboriloni
Shikamoo mama. Na kijumba cha mizigo?

MamaShelfu
Marahaba mwanangu. Kiache. Anayetoka sokoni na mkungu wa ndizi atauweka wapi? Ila mkoba wa mkononi usimnyang'anye mtu, wanawake hatupendi. Na fundi akupe bei ya kusugua sakafu kabla hajabomoa hata kipande.

Dogo_Njiro
Haya mama, ila AC aweke.