Naomba ushauri: kupiga picha kwa Wahimba, Namibia

Habari zenu wakuu. Mwezi ujao naenda Opuwo, mkoa wa Kunene, na natamani kutembelea boma la Wahimba, jamii ya wafugaji wa huko, bila kuwavunjia heshima. Nimeshapata mwenyeji wa kunipeleka, anazungumza Kiherero, na kaniambia nisikatize kati ya moto mtakatifu, okuruwo, na nyumba kuu. Zawadi nitabeba unga wa mahindi, sukari na mafuta ya kupikia. Pipi za watoto hapana.

Kinachonitatiza ni kamera. Mama wa watu amekaa zake anajipaka otjize, ule mchanganyiko wa siagi na udongo mwekundu, mimi namwelekezea lenzi tu? Roho inakataa. Mliofika huko, ruhusa naomba kwa mkuu wa boma pekee au kwa kila mtu? Na picha za watoto, mzazi akikubali, ni sawa kuziweka mtandaoni?