Nimesoma mwaka mzima Melbourne, leo chuo kinaniambia miezi sita ya kusubiri kabla ya kuhama chuo imeanza juzi!

Wakuu, habari za saa hizi. Nimetoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, sijalala, na sitalala mpaka niliandike hili. Nina hasira.

Mimi ni muuguzi. Nina stashahada niliyoisomea nyumbani Tanzania na nimekaa wodi ya wazazi miaka minne. Nilikuja Australia kutafuta kitu kimoja tu, shahada ya uuguzi. Wakala wa Dar anayetafutia watu vyuo vya nje nilimwambia hivyo siku ya kwanza, nikamwandikia, nikamrudia. Akaniletea ofa ya chuo binafsi: stashahada ya mwaka mmoja, halafu shahada ya usimamizi wa huduma za afya. Nikamuuliza, uuguzi uko wapi hapa? Akanitumia ujumbe wa sauti, ninao mpaka leo: "Dada, hiyo ni njia ya kuingilia tu. Ukimaliza huo mwaka mmoja unahamia uuguzi mwaka wa pili. Wote wanafanya hivyo."

Uongo mtupu. Huku huwi muuguzi kwa shahada yoyote ile yenye neno afya. Kozi lazima iwe imeidhinishwa na Bodi ya Uuguzi na Ukunga ya Australia, ndipo AHPRA, mamlaka ya usajili wa wataalamu wa afya, wakusajili. Hiyo ya usimamizi haimo, na chuo chenyewe hakifundishi uuguzi kabisa! Nililijua hilo wiki ya tatu, nilipomuuliza mwalimu baada ya kipindi. Alinyamaza kwanza, kisha akaniuliza, "Nani alikuambia hivyo?"

Ada ilishalipwa. Viza ilishanila dola 1,600 za Australia (Julai 2025 ikapanda hadi 2,000). Mama alishakopa kikoba. Nikasema basi, nivumilie, maana kila Mtanzania niliyekutana naye alinipa habari ile ile: ukishamaliza miezi sita unahama chuo bila kuomba ruhusa ya mtu. Nikavumilia mwaka. Nikafaulu masomo yote. Nikaomba uuguzi chuo kikuu cha serikali, nikapata ofa. Siku ile nililia kwenye treni.

Nikaenda dirishani chuoni kwangu na ofa yangu mkononi. Dada wa pale akanigeuzia skrini nione mwenyewe. Miezi sita yangu ilikuwa imeanza mwezi uliopita.

Mnaotaka kuja, hapa msome polepole. Kanuni ya Taifa ya 2018, inayobana vyuo vyote vya Australia vinavyopokea wanafunzi wa kigeni, kiwango cha 7, inahesabu miezi sita ya KOZI KUU. Ukipewa kozi kwa kifurushi, Kiingereza kisha stashahada kisha shahada, kozi kuu kwa kawaida ni ile ya mwisho. Mwaka wote niliosoma stashahada hauhesabiki! Mpaka miezi sita ya shahada iishe, chuo kingine hakiruhusiwi kukusajili bila hiki cha kwanza kukuachia. Kwa hiyo aliyefungiwa kozi tatu amefungwa kuliko aliyekuja na kozi moja, na hakuna aliyenitamkia hilo, si wakala, si chuo, wala siku ile ya kukaribisha wageni walipotugawia mifuko na kalamu.

Nikaandika maombi ya kuachiwa. Kwanza nikaambiwa kuna dola 500 za kushughulikia faili. Nilipoomba waniandikie hilo kwenye barua pepe, likafa hapo hapo. Wanajua kanuni inasema kuachiwa ni bure! Wiki mbili baadaye ikaja barua ya mistari miwili: ombi limekataliwa, miezi sita haijatimia.

Hicho ndicho kinachoniuma zaidi. Kuachiwa kabla ya miezi sita kupo, na sababu zimeandikwa. Mojawapo ni mwanafunzi kupotoshwa na chuo au wakala kuhusu kozi, kozi ikawa haimfai. Mimi nina sauti ya wakala kwenye simu. Niliiambatanisha na tafsiri yake. Hawakuigusa hata kwa neno moja. Nilipouliza, nikajibiwa kuwa wakala si mfanyakazi wao. Sasa kamisheni alilipwa na nani? Kanuni hiyo hiyo, kiwango cha 4, inataka chuo kiwe na mkataba wa maandishi na kila wakala wake, na kimchukulie hatua akidanganya watu. Wanamkana pale tu anapowaletea lawama, mimi nibaki muhula mmoja zaidi nilipe ada nyingine.

Na msiniambie "acha tu uondoke". Nikiondoka, CoE (hati ya kuthibitisha kuwa nimesajiliwa chuoni) inafutwa na viza inaingia hatarini. Kuna kijana ninayemfahamu alishuka kutoka shahada kwenda cheti cha upishi bila kuomba viza mpya. Hakujua kwamba sharti la viza namba 8202 linamtaka abaki ngazi ile ile au apande juu zaidi. Sasa anahangaika na barua za uhamiaji.

Nina siku 20 za kazi za kukata rufaa ndani ya chuo tangu nilipopata barua. Zimebaki 11. Wakikataa tena nakwenda kwa Ombudsman wa Taifa wa Wanafunzi, anayepokea malalamiko dhidi ya vyuo, alianza kazi Februari 2025 na hatozi kitu.

Wakala nilimpigia jana. Hapokei, na WhatsApp inaonyesha tiki moja. Tangazo lake bado linasema "ukifika unabadilisha".

Ninachoomba: kuna yeyote hapa aliyewahi kushinda rufaa kwa ushahidi wa sauti ya Kiswahili? Walitaka tafsiri ya mfasiri aliyeidhinishwa na NAATI, chombo cha Australia kinachothibitisha wafasiri na wakalimani, au uliyoandika mwenyewe ilipokelewa? Nijibuni upesi, chuo kipya kinanishikia nafasi mpaka Ijumaa ya wiki ijayo.